Kabureta Ndani ya Gunia

Petroli ikinikaa mikononi, naona tena uwanja wetu kule Birere, chini ya mlima wa volkano. Papa alikuwa na pikipiki kuukuu ya mbio, aliyohangaika miaka kuitafutia breki mpya. Kila waasi walipokaribia aliifungua kabureta, akampa mama aifiche kwenye gunia la maharagi.

"Bila hii, hakuna mutu ataiwasha."

Kweli, hawakuiiba.

Siku mlima ulipotapika moto, kabureta ilikuwa bado kwenye maharagi. Mama alijitwika gunia, tukakimbia. Pikipiki ilibaki, lava ikaifunika.

Kila Jumapili baadaye, Papa aliisafisha ile kabureta kwa petroli, mimi nikimshikia kopo.

"Papa, si pikipiki haiko tena?"

"Najua. Shika vizuri."

Leo naisafisha mimi, kopo nimeliweka chini. Hakuna wa kunishikia.