Zamu ya Mama Prezida

Katika kijiji kimoja cha upande wa Wamaza, mashariki mwa Kongo, wanawake saba hulimiana mashamba kwa zamu. Majivu ya mashamba yakishapoa, na mvua ya kwanza ya Septemba ikalainisha udongo, wote saba hubeba majembe kwenda kwa mmoja wao siku tatu, kisha kwa mwingine. Sheria ni mbili tu. Anayeligusa shamba lake kabla ya zamu yake amejitoa kundini. Na kiongozi hulimiwa wa mwisho.

Sheria hizo alizitunga Anastasie mwenyewe, na kwa miaka kumi na miwili kiongozi alikuwa yeye. Mama Prezida, ndivyo walivyomwita, hata padri. Alikuwa mwanamke mrefu, mchapakazi, mpenda sifa kidogo, na nani asiyezipenda? Kila mwaka karanga zake ziliingia ardhini wiki tatu nzima baada ya za wa kwanza, na kila mwaka alisema haidhuru.

Mwaka jana ilidhuru. Mvua za Desemba zilizikuta bado ziko udongoni, zikaoza. Likabaki beseni moja la zile nyekundu, ndogondogo, alizoachiwa na mama yake, ambazo hakuna mwingine kijijini aliyekuwa nazo. Zikichelewa tena, mbegu imekwisha. Hilo lilimnyima raha kiangazi kizima.

Jumapili ya kupanga zamu, baada ya misa, alikwenda amekusudia kuomba zamu ya kwanza. Kabla hajafungua kinywa, jirani yake Apolline akamwahi.

"Mama Prezida, weye njo mufano yetu," alisema. "Mukubwa wa kweli anakula nyuma ya wote."

Wakapiga makofi. Anastasie akatabasamu kama mtu aliyemeza kwinini, na ombi lake akalimeza pamoja nayo. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, lakini yeye alikuwa na watoto watano, hivyo methali hiyo hakuona kama inamhusu.

Jumanne alfajiri alikwenda shambani kwake peke yake. Alilima kipande cha kutosha beseni moja, asizidishe hata hatua. Wenzake, wakiwa njiani kwenda kwa Apolline, walimkuta ameinama, jembe mkononi, beseni kando. Sheria haikuhitaji kusomwa.

"Mama, hata weye?" Apolline aliuliza.

Angeweza kusingizia ugonjwa. Badala yake alikaa chini kwenye udongo, akalia mbele yao, jambo ambalo hawakuwahi kuliona.

"Miye nimechoka kukuwa wa nyuma. Mbegu ya mama yangu itakufa."

"Sasa sababu gani haukusema?" Mado aliuliza kwa hasira. Yeye ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote.

Anastasie alipangusa uso kwa kitenge.

"Mulikuwa munanisifu," alisema.

Hawakumfukuza. Walimvua cheo, wakakikabidhi kwa Mado papo hapo, na Anastasie akapewa zamu ya pili. Iliuma, asikudanganye mtu. Lakini Ijumaa majembe saba yaliingia shambani kwake, na kufikia Jumapili karanga zote nyekundu zilikuwa zimeshafukiwa.

Jumapili hiyo, nje ya kanisa, wanawake walimzunguka Mado kumpongeza. Walimwambia ana moyo mkubwa, kijana kama yeye kukubali kungoja wenzake wote wamalize. Mado alishukuru kila mmoja, akitabasamu. Anastasie, aliyekuwa tayari ameinua mikono kupiga makofi, aliutazama uso ule, akaishusha.

"Mado," aliuliza, "mbegu yako itaweza kungoja?"

Makofi yakakatika.

"Hapana," Mado akasema.