Mpaka Useme Ndani Kuna Nini

Wifi yangu ana duka la kuchapa na kutoa fotokopi. Wateja wanamtumia kazi zao kwa barua pepe, yeye anachapa. Lakini kiambatisho hakifungui, hata kitoke mbinguni, mpaka aliyekituma ajibu kwa mdomo wake: ni wewe umetuma? Ndani kuna nini? Kinaanzaje? Kuna mwalimu alituma mtihani. "Swali la kwanza linaulizaje?" wifi akamuuliza. Mwalimu akageuka, akaona wanafunzi wake kwenye foleni wametega masikio. Alikwenda kuuandika kwa mkono.

Aliyesababisha ukali wote huo ni kaka yangu, yaani mume wake. Aliachiwa duka mchana mmoja, ikaingia barua ya mtu asiyemjua: hongera, umeshinda pikipiki, fungua kiambatisho. Kaka akafungua. Jamani! Virusi vikafunga mafaili yote, kazi za wateja zikapotea. Alipoulizwa, akasingizia umeme, na barua ya pikipiki bado iko wazi kwenye skrini. Wifi akamwambia, "Mashine nitanunua nyingine. Wewe utarudi nyumbani siku utakayosema ukweli."

Akahamia kwangu. Ndugu yangu nampenda, lakini mtu mzima anashinda kwenye kochi lako, anamaliza sukari yako, halafu anauliza, "Dada, leo tunakula nini?" Nilichoka! Nikamwambia akaombe radhi. Akasema mdomo wake mzito, ataandika. "Andika basi, hata kwa mkaa ukutani!"

Asubuhi nikaenda dukani kumbembeleza wifi. Nikamkuta anabadilisha wino wa printa, mikono myeusi tii. Mara barua ikaingia: jina la kaka, anwani ngeni, kiambatisho kimoja. Anwani yake ya zamani iliibwa siku ileile ya pikipiki.

"Nipigie huyo, wifi, weka spika," akaniambia.

Kaka akapokea.

"Ni wewe umetuma hiki?"

"Ni mimi. Fungua tu."

"Ndani kuna nini?"

"Mke wangu, si ufungue usome?"

"Sifungui. Kinaanzaje?"

Foleni nzima ikasogea karibu na simu. Nilijua akikata simu sasa hivi, ndoa imekwisha, na kochi langu ndiyo basi tena.

Kaka akakohoa. "Kinaanza hivi... 'Haukuwa umeme. Ni mimi niliyefungua.'"

"Endelea."

"'Niliona aibu, nikakudanganya mchana kweupe. Nisamehe. Bila wewe usingizi siupati.'"

Hapo alitia chumvi, maana anakoroma mpaka madirisha yanatetemeka, ila nilimeza maneno yangu. Akasoma mpaka mwisho. Mama mmoja kwenye foleni akajipangusa macho kwa fomu aliyokuja kuitolea kopi. Wifi naye alikuwa analia, wino umemjaa mashavuni.

"Basi njoo nyumbani," akasema.

Kisha akakifuta kile kiambatisho bila kukifungua.

"Wifi! Si ungekisoma kwanza?"

"Cha nini? Nimeshasikia."