Safu Tatu za Zamu ya Maji

Nina steshenari ndogo mjini Same, lakini kwetu ni milimani, ambako mashamba hunywa maji ya ndiva, bwawa letu la kukusanyia maji ya kijito. Kila mkulima ana siku yake ya kufungulia. Kiangazi kile katibu wa kamati ya maji aliniletea majina sitini niyachape kwa mpangilio wa zamu.

Niliyapanga kwa safu moja yenye namba, yakajaza kurasa mbili. Akakataa. Alitaka ukurasa mmoja wa kubandika ukutani. Nikayagawa katika safu tatu, majina marefu yakakatika, akaniambia nitoe namba yapate nafasi. Nilimweleza kwamba kompyuta hujaza safu ya kwanza mpaka chini ndipo ihamie ya pili, na kwamba bila namba mtu atasoma kwa kukatisha, kushoto kwenda kulia. Alinijibu kwamba wananchi si watoto. Nikatoa namba, nikamtumia PDF kwenye simu. Hilo ni kosa langu na silikwepi.

Jina la shangazi yangu lilikuwa la kwanza katika safu ya pili. Yeye alisoma kama tunavyosoma sote, akajihesabu wa pili. Kumbe alikuwa wa ishirini na moja. Siku ya pili alfajiri alifungua maji yakaingia kwenye maharage yake, na mwenye zamu alipofika akakuta ndiva tupu. Kufika saa nne, kijiji kizima kilikuwa kinasema kwamba bibi yule ameiba maji.

Kamati ikaitisha mkutano, nami nikapanda. Katibu alisimama akasema orodha haina tatizo, tatizo ni wazee wasiojua kusoma, na adhabu ya shangazi ni kukosa zamu yake.

Shangazi alifundisha darasa la kwanza karibu maisha yake yote ya kazi. Yule katibu mwenyewe alishikishwa kalamu na mkono wake.

Shangazi hakupandisha sauti. Alibandua karatasi ukutani, akampelekea katibu.

“Nisomee,” alimwambia. “Anza jina la kwanza, uende mpaka la tano.”

Katibu akasoma. La kwanza, kisha akaruka kulia, akataja jina la shangazi, akaendelea na safu ya tatu. Alipogundua, akamrudishia karatasi. Watu wakaanza kunong'ona. Nilinyanyuka nikasema mimi ndiye niliyechapa, nikamtaja aliyeniamuru nitoe namba. Katibu akasema mashine yangu ndiyo mbovu.

Mwenyekiti aliagiza orodha ichapwe upya, safu moja, yenye namba. Niliichapa jioni ileile. Lakini zamu ya shangazi hawakuirudisha, eti maji ameshayatumia, kama vile tone lile moja la mwanzo lingefikisha maharage kwenye mavuno. Yalikauka yakiwa na maua. Aliyang'oa mwenyewe akamlisha ng'ombe, na neno la wizi hakuna aliyelifuta.

Katibu hajamwomba radhi. Wakikutana nje ya kanisa humwamkia, “Shikamoo, mwalimu,” naye shangazi huitikia marahaba bila kinyongo. Mimi ni mdogo kwa katibu yule, napaswa kumwamkia. Shikamoo yangu haipati tena.