Tairi za Kubebea Kioo

Nehemiah Gatimu alikuwa fundi wa vioo vya madirisha mjini Nyeri, na katika miaka ile ya kwanza ya Uhuru hakukosa kazi. Watu walikuwa wakitoka kwenye nyumba za udongo na kujenga za mbao na mabati, na kila aliyejenga alitaka dirisha la kutazamia mvua bila kulowa. Gatimu alikata vioo, akavipanga ndani ya fremu ya mbao yenye mikanda miwili ya ngozi, akaibeba fremu mgongoni na kupanda baiskeli yake nyeusi. Aliyepishana naye njiani alimwona mtu kwanza. Kisha, mtu akishapita, aliona kipande cha mbingu kikienda zake kuelekea Tetu, kikiwa na mawingu ndani yake na pengine mwewe mmoja.

Alikuwa mtu wa ndoto. Sisemi hivyo kumsifu. Mtu mzima mwenye mke na watoto hapaswi kupitiliza nyumba ya mteja wake mpaka kijiji cha pili kwa sababu alikuwa akitazama kivuli cha wingu kinavyopanda kilima. Lakini hakunywa pombe, hakudanganya vipimo, na mkono wake haukutetemeka juu ya kioo.

Mapema mwaka wa 1968 aliitwa Naromoru, kwenye mashamba mapya yaliyogawiwa watu baada ya wazungu kuondoka. Aliyemwita ni mwanamke aitwaye Murugi, aliyekuwa akimtunza mama yake mzazi, Kagure. Mwaka uliotangulia mama huyo aliteleza akiteka maji, akavunjika nyonga, na tangu siku hiyo alikuwa amelala katika chumba cha nyuma chenye dirisha la mbao. Maumivu aliyavumilia. Kilichomtesa ni kingine. Maisha yake yote alikuwa ameamka na kuutazama Mlima Kenya kabla ya kumsalimia mtu yeyote, na sasa hakuuona. Mlima ule hujitokeza alfajiri, kabla mawingu hayajaufunika, na huo ndio wakati baridi ya Naromoru inapokuwa kali kuliko zote. Kifua cha Kagure kilikuwa kibovu. Daktari alikwisha sema: dirisha lisifunguliwe asubuhi, wala asitolewe nje.

Gatimu alipima ukuta huku mgonjwa akimfuata kwa macho.

“Cucu,” alisema, kwa maana ndivyo tunavyowaita nyanya zetu, “nitakuwekea vioo vinne, na msalaba wa mbao katikati. Ndivyo madirisha yote yalivyo.”

“Milima ni mingapi huko nje?”

“Ni mmoja, Cucu.”

“Basi usinikatie vipande vipande kama nyama ya mbuzi. Niletee kioo kimoja.”

“Mama,” Murugi alisema, “kioo kikubwa hivyo kitavunjika njiani.”

“Mimi nimevunjika na bado niko hapa. Mwache fundi ajibu.”

Gatimu alisema ataleta.

Alikata kioo kizima, kirefu kuliko mkono wake, akakipakia kwenye lori lililokuwa likipeleka mbolea Nanyuki. Alikaa mbele na dereva, akatazama tambarare ikifunguka, na akawaza jinsi mwanamke yule atakavyoamka siku ya kwanza. Walipofika Naromoru na kufungua turubai, walikuta kioo kimekuwa changarawe. Murugi hakumtukana. Aliingia ndani kumweleza mama yake, na Gatimu akabaki uani akizoa vipande.

Katika ghala la Nyeri kilibaki kipande kimoja tu cha unene na ukubwa ule. Vingine vingefika kutoka Mombasa baada ya masika. Na Murugi alikuwa amemwambia Gatimu, wakiwa wawili tu, jambo aliloambiwa na daktari: kwamba asiweke mipango ya kupita masika.

Safari hii Gatimu aliamua kukibeba mwenyewe mgongoni. Akaenda kwa Mbuvi.

Mbuvi alikuwa Mkamba aliyekuja Nyeri kufanya kazi katika karakana ya serikali, kisha akaacha na kufungua kibanda cha baiskeli karibu na soko. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na aliyasema huku ameinamia gurudumu.

“Bwana Vioo! Leo umekuja kuniuzia dirisha ama?”

“Nataka unikagulie tairi. Kesho nabeba kioo mpaka Naromoru. Kimoja, kikubwa, cha mama mgonjwa anayetaka kuuona mlima.”

Mbuvi aliinua gurudumu la nyuma, akalizungusha. Tairi zile Gatimu alizinunua wakati wa mvua, na zilikuwa na meno marefu kama ya chanuo.

“Hizi ulinunua ya nini?”

“Ya matope. Si unajua ule mlima wa Tetu? Mwezi wa nne nilisukuma baiskeli kama jeneza.”

“Na kesho kuna matope wapi?”

Gatimu aliutazama mtaro mkavu mbele ya kibanda.

“Barabara ya Naromoru saa hii imekauka, imejikunja kama bati. Sasa hii jino moja likigonga chini, kioo inasikia. La pili likigonga, inasikia. Mpaka ufike Kiganjo hiyo kioo itakuwa imesalimiwa na kila jiwe.”

“Basi nipe zile nyembamba.” Gatimu alionyesha tairi laini zilizoning’inia msumarini, zenye mstari mwekundu ubavuni. Vijana wa mjini walizipenda mno. “Hizo hazina meno.”

“Hizo ni za lami. Kwa changarawe zitateleza kama mtu amekanyaga maharagwe. Utaanguka na mlima wa yule mama mgongoni.”

Mwishowe alitoa nyuma ya kibanda tairi mbili nene, zenye kingo za rangi ya maziwa. Katikati zilikuwa karibu laini, zenye mistari mifupi tu, lakini pembeni zilikuwa na vinundu vya kushika changarawe kwenye kona. Zilikuwa pana mno hata hazikuweza kupita chini ya madigadi, yale mabati ya kukinga matope.

“Madigadi itoke,” alisema Mbuvi.

“Hayo nimeyang’arisha tangu siku niliyooa!”

“Utayarudisha. Vua.”

Kisha akatia upepo, lakini akaacha mapema. Aliushika mkono wa Gatimu, akakibonyeza kidole gumba chake juu ya tairi. “Sikia. Kama avokado inayoanza kuiva. Usiongeze. Ukiongeza, tairi haitameza jiwe, itakurudishia wewe. Na usipunguze tena, jiwe litabana tyubu kwa rimu na utatembea. Mahali penye mawe ya ncha, shuka.”

Gatimu aliitazama baiskeli yake, imevuliwa madigadi, imelegea. Huku kwetu tairi gumu lilikuwa heshima. Mwanamume alipiga pampu mpaka tairi likalia kama ngoma likigongwa, na mwenye tairi laini alionekana hana hata pampu. Ulikuwa upuuzi, lakini wengi wetu tuliuishi, na Gatimu alikuwa mmoja wetu.

Aliondoka alfajiri, kioo kimefungwa kingo zote kwa gunia na nyasi, katikati kimeachwa wazi ili asisahau kwamba ni kioo. Jambo la kwanza aliloliona ni ukimya. Baiskeli iliyokuwa ikipiga kelele kila kona sasa ilienda kama mtu aliyevua viatu. Vumbi jekundu lilikuwa bado limelala na umande. Mipaina ilipita, ng’ombe wakainua vichwa, na jua lilipotoka nyuma yake upande wa kulia liliingia kwenye kioo na kutupa ua la mwanga juu ya ukingo wa barabara. Ua lile lilikimbia pamoja naye, likiruka mitaro, likipanda miti, likipita juu ya mlango wa nyumba ya mtu na kuondoka bila kubisha. Gatimu alihisi kwamba hakuwa akiendesha. Alihisi nchi ndiyo iliyokuwa ikipita polepole chini yake, na yeye amesimama.

Kiganjo alimkuta Wamae. Wamae alikuwa wa rika lake, walitahiriwa mwaka mmoja, na asubuhi ile alikuwa ameketi kwenye varanda ya duka na wanaume wengine watatu ambao, saa tatu hiyo, walipaswa kuwa shambani.

“Gatimu!” aliita. “Nani amemvua nguo mtoto wa watu?”

Wenzake waliangua kicheko.

“Nimetoa madigadi kwa ajili ya tairi,” alijibu Gatimu.

“Tairi gani? Ile naona ni chapati! Ama bibi yako amekunyima uji, na wewe ukainyima baiskeli upepo?”

“Ni laini kwa sababu ya kioo.”

“Ati kwa sababu ya kioo!” Wamae aliingia dukani, akatoka na pampu. “Shika, mwanamume wa rika letu hawezi kupita Kiganjo namna hiyo. Utatuaibisha mbele ya watu.”

Gatimu angeweza kusema hapana. Alikwisha elezwa sababu, na kidole chake bado kilikumbuka ule ulaini. Watu waliocheka pale hawakuwa na kioo mgongoni. Hata hivyo alishuka, akaegemeza fremu ukutani kwa uangalifu, akapiga pampu mpaka Wamae akagonga tairi kwa ukucha na kusema, “Sasa ni baiskeli.” Walimshangilia alipoondoka, na kwa umbali wa kilima kimoja shangwe ile ilimpendeza.

Baada ya hapo barabara ilianza kujikunja. Magurudumu yaligonga matuta madogo, moja, jingine, jingine, na mgongoni mwake kioo kikaanza kuimba. Sauti ilikuwa ya chini mwanzoni, kama wanawake wanaoimba bondeni wakiwa mbali mno kwa mtu kusikia maneno. Gatimu alitabasamu. Aliendelea kukanyaga, akaisikiliza, akaifuata ndani ya kichwa chake. Aliwaona wanawake wale, akaona nguo zao, na mmoja wao akageuka na alikuwa Kagure, mzima, ametwika mtungi, anauelekea mlima. Sauti ikapanda. Ikawa nyembamba. Ikawa nyembamba zaidi.

Ndipo mikono yake ikaielewa kabla yake. Alikuwa amekata vioo miaka mingi, na sauti ile aliijua: ndiyo ambayo kioo hutoa pale kinapokaribia kuachana kwenye mstari uliochorwa kwa almasi ya kukatia.

Alisimama ghafla, miguu yote miwili chini. Wimbo ukakatika. Palikuwa kimya kabisa. Nyasi kavu, waya za senyenge, mawingu ya kwanza yakijikusanya kwenye mabega ya mlima. Aliteremsha fremu kama mtu anayemlaza mtoto, akaifunua kona moja baada ya nyingine. Kwenye kona ya chini, upande wa kushoto, palikuwa na ufa mfupi kama ukucha.

Alikaa chini kando ya barabara. Hakulia, lakini alijisema kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Kisha alifungua valvu, akasikiliza upepo wa Kiganjo ukitoka, akabonyeza kwa kidole gumba, akaacha utoke tena kidogo, akabonyeza.

Njia iliyobaki alienda taratibu. Penye mawe ya ncha alishuka na kusukuma. Karibu na Naromoru wasichana waliobeba kuni walimwimbia, “Mzee wa tairi lala! Mzee wa tairi lala!” Aliwaamkua vizuri, akawauliza habari za nyumbani, akapita.

Alasiri alikuwa mbele ya Murugi, na kabla ya kupokea chai alimwonyesha ile kona.

“Ufa huu ni wangu,” alisema. “Nilitia upepo kwa ajili ya watu wa kunicheka. Nikiweka puti ya kushikia kingo utafichika, hutauona tena. Lakini baridi ya usiku inaweza kuuvuta ukapanda juu, na kioo kizima kikaenda. Ukitaka nikikate viwili pale juu ya ufa, kitakuwa salama, na utakuwa na mbao katikati.”

Murugi aliugusa ufa kwa kidole. Halafu akautazama mlango wa chumba cha nyuma.

“Alisema kimoja,” alijibu. “Weka.”

Alikiweka. Alipigilia misumari midogo, akabonyeza puti kwa kidole, akasafisha alama za mikono yake kwa karatasi na majivu. Nje kulikuwa na mawingu tu, meupe, yasiyo na mwanzo. Kagure aliyatazama mpaka giza lilipoingia. Gatimu akapewa kitanda jikoni.

Kulipopambazuka Murugi alimwita. Chumbani kulikuwa na mwanga wa kijivu unaogeuka kuwa wa waridi. Gatimu hakutazama nje. Alipiga magoti kwenye kona ya chini ya dirisha, akausogelea ufa mpaka pua ikakaribia kugusa. Ulikuwa pale pale, mfupi vile vile. Ndipo akainua macho.

Mlima ulikuwa umesimama mzima ndani ya dirisha, mweusi na mweupe, karibu hata ilionekana mtu angeweza kuusikia. Kagure alikuwa ameinuliwa kwenye mito. Aliutazama kwa muda mrefu, na uso wake ukaingia mashaka.

“Ni wenyewe?” aliuliza.

“Ni wenyewe, mama,” alisema Murugi.

“Mbona hauna baridi? Mlima wangu una baridi.”

Murugi alimgeukia Gatimu. Fundi akasogeza kitanda, yeye upande mmoja na Murugi upande wa pili, mpaka kikagusa ukuta. Alisita kwa sababu ya ile kona. Halafu akaushika mkono wa mwanamke yule, mkavu na mwepesi, akaufungua kiganja na kuuweka kwenye kioo, juu kabisa, mbali na ufa.

Kagure alishtuka. Hakuuondoa mkono.

“Ehe,” alisema taratibu. “Ehe. Umeamkaje?”

Hakuwa akisema na Murugi wala na fundi; aliuamkia mlima. Ukungu mwembamba ulitanda kwenye kioo kuzunguka vidole vyake, na katikati ya kidole na kidole theluji ilikuwa ikishika moto wa jua.