Mawe Yaliyosahau Njia

Binamu yangu Musa alinipigia simu kwamba mvua ya mawe imechanachana kahawa ya mama yake, na mama hataki kushuka mlimani. "Dada, wewe anakusikia. Mlete nikae naye." Mama huyo ni mama mkubwa wangu, Nandutu, mjane anayeishi peke yake mteremko wa mlima Wanale, juu ya mji wa Mbale, Uganda. Mie mtu wa Mombasa, mdomo ninao. Nikafunga mzigo.

Jinja nilifikia kwa Musa, mtaa wa Nalufenya. Asubuhi tulikwenda kutazama ziwa, limetulia kama maji ya ndooni. "Lakini hata huku mawe yameanza," Musa akasema. "Juzi yametoboa bati la jirani. Tulipokuwa wadogo hatukuyajua." Nikamwambia maneno hayo asiyarudie mbele ya mama yake.

Barabara ya Mbale hupita mashamba ya mpunga, halafu ghafla mlima umekusimamia. Subhanallah! Maporomoko ya maji yananing'inia kwenye jabali, na chini yake mji na misikiti yake unaendelea na biashara. Nilipanda bodaboda hadi ikashindwa, nikamalizia kwa miguu huku nikijilaumu kwa viatu nilivyovaa.

Kwa mama mkubwa nilipokewa kwa matoke na malewa, machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi na kuungwa kwa karanga. Nikala nikasahau nilichotumwa. Nilipokikumbuka nikakisema, akacheka. "Huko ziwani mawe hayanyeshi?" Nikarudi kwenye malewa. Mie siwezi kumwongopea mzee.

Saa nane mchana mbingu ikafunga. Mawe yakashuka juu ya bati hata hatukusikizana, majani ya migomba yakawa nyuzi, na ua ukawa mweupe. Mama mkubwa alisimama mlangoni akilia waziwazi, nami nikalia naye. Yalipokwisha, kahawa iliyokuwa imeanza kupona ilibaki fito tupu. Shamba la jirani, hatua chache tu, halikuguswa jani.

Hapo ndipo mama mkubwa aliponieleza. Zamani mawe yalikuwa na njia yake: ukanda mmoja wa mteremko, kila mwaka palepale. Walioishi humo walidharauliwa. Kijana mmoja wa ukanda huo, Mafabi, aliwahi kumposa yeye. "Baba akasema hamwozi bintiye mtu wa njia ya mawe," alisema, akijifuta machozi. "Sasa mawe yamesahau njia, yamenifuata mimi."

"Na huyo Mafabi yuko wapi?"

"Yupo. Ndiye anayejua kuiponya kahawa. Lakini nitamwendea kwa uso gani?"

Nikamwambia, "Kwa uso huohuo aliokuposea." Akanipiga kofi la begani, kisha akatoa kanga ya kuvaa asubuhi tukienda kwake.

Asubuhi Mafabi alikuja na msumeno hata kabla hatujatoka. Mzee mrefu, mpole. Mama mkubwa akaanza maneno ya kuomba aliyojiandalia. "Wacha, mama," Mafabi akamwambia. "Huku mtu ambaye mawe imemwacha, iko lazima aende kwa yule imempiga. Jana imeniacha." Akanigeukia. "Sisi tulizaliwa ndani ya mawe. Tukilia, tunalia huku tunakata."

Dawa yake ni kali. Miti yote ikatwe hapa gotini, kwa mshazari ili maji yateleze, kisiki kichipue upya. Na mavuno? Hakuna mwaka huu, hakuna mwakani. Mama mkubwa aliizunguka miti aliyoipanda na marehemu mumewe, akaishika mmoja mmoja. Kisha akasema, "Kata." Wallahi, sijapata kumstahi mtu kama nilivyomstahi siku ile. Mti wa kwanza akaukata yeye mwenyewe, kwa msumeno wa Mafabi.

Nilirudi Jinja peke yangu. Musa alinipokea kituoni, akachungulia nyuma yangu. Nikamwambia mama yake amekata kahawa yote, kwa msumeno wa mzee Mafabi.

"Yote? Alhamdulillahi, basi amekubali kuhama."

"Anayehama huuza shamba, ndugu yangu. Huyu amekata, anangoja machipukizi." Safari nzima niliyojifunza ni hayo: nilikwenda kumwokoa mtu, nikamkuta anajua kupoteza vingi na kubaki.

Musa alikasirika. "Atakula nini miaka miwili?"

"Tutakachompelekea, mie na wewe."

Akaubeba mzigo wangu, tukatembea hadi karibu na kwake. Kisha akauliza, "Huyo mzee Mafabi ana msumeno mmoja tu? Mawe yakipiga tena, nami nitapanda na wangu."