Sabuni ya Pili na Ufunguo wa Ghala

Aibu yangu naisema mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine. Siku ile pale Makote tulikuwapo kikundi chetu cha akina mama, mwenyekiti wetu Mama Hamisi (jirani yangu ukuta kwa ukuta), na wageni wawili wa chuo: Danieli, mtoto wa kaka yangu Stefano wa Masasi, na mwenzake Rehema, ambaye alikuwa hanijui. Ndiyo miaka ile wanunuzi binafsi wa korosho walipoanza kufika kwetu, na siku hiyohiyo kikundi kilikuwa kinikabidhi ufunguo wa ghala, nilivyojipamba sasa!

Wageni hao walikuja na maswali mawili, kila mmoja na foleni yake, na kila mtu ajibu mara moja apewe sabuni moja. Danieli akaniuliza, chama cha ushirika unakiamini? Hapana. Na mnunuzi binafsi? Huyo afadhali, namwamini. Akanipa sabuni ya kuogea, inanukia hiyo, nikazunguka nyuma ya ghala, nikabadili kanga, nikapanga foleni ya Rehema. Yeye akaanza na mnunuzi. Nikamfikiria yule kijana na gari lake, hata kwao hatukujui, nikasema simwamini. Chama je? Nakiamini, angalau ni chetu. Sabuni ya pili hiyo mkononi!

"Mama Tito, mbona umerudi?" Mama Hamisi huyo nyuma yangu, sauti ya kuitia mtu shambani.

Karatasi zikalinganishwa, majibu yamepishana, watu hawana mbavu. "Kigeugeu!" wenzangu wakapaza sauti. "Ndiye wa kupewa ufunguo huyu?"

Danieli akaruka kwa furaha. "Shangazi hajadanganya! Jibu halikai kichwani likisubiri, swali linalotangulia ndilo linalolitengeneza jibu la pili! Hesabu yake tumeiazima kwa wanaochunguza vitu vidogo kuliko vumbi, ambavyo ukivipima tu umeshavibadili. Tumetoka Masasi kutafuta hilihili!"

Mimi nami kichwa kikavimba, nikapiga vigelegele, kumbe akili yangu inasomwa chuo kikuu!

Mama Hamisi akangoja tutulie. "Majibu mawili tumeelewa. Na sabuni mbili, Mama Tito, hesabu inasemaje?"

Danieli akainamia karatasi zake. Ufunguo akapewa mwenzetu Mama Shaibu, na misimu yote nikawa napiga hodi kwake nifunguliwe.

Foleni mara mbili sipangi tena, hata ya uji wa msibani. Majina nina hakika nayo, ila kama nimepotosha nani aliuliza lipi kwanza, aliyekuwapo anisahihishe, sitabisha.