Shoka Lililopikwa Pamoja na Githeri

Kama una shoka na mpini umevunjikia ndani ya tundu, usilitupe motoni. Hilo nalisema kwanza kabla sijasahau, maana siku hizi nasahau. Huku kwetu, kati ya Siakago na Ishiara, karibu kila nyumba hufanya hivyo. Shoka linawekwa kwenye mafiga, kipande cha mpini kinaungua, kinatoka, mtu anafurahi. Hajui amepika makali pia. Makali yakishapikwa hulegea kama muhogo. Ukitaka kuchoma, zika makali kwenye udongo uliolowa, uache tundu peke yake nje.

Nimelisema hilo hadi mdomo umechoka. Mkono nao umechoka kwa uhunzi, lakini kilichonishinda ni macho. Yameingia ukungu. Sikio bado linasaidia, kwa sababu chuma chenye ufa hakilii vizuri ukikigonga, ila rangi ya chuma cha moto huwezi kuisikia. Mke wangu ndiye amekuwa akizungusha feni ya kupuliza moto tangu tuoane. Tukakubaliana hivi: kazi itakayofuata ikipasuka, tunafunga karakana, tubaki na mbuzi.

Asubuhi moja kazi hiyo ikaja. Jirani yetu, mama anayepasua kuni za kuuza sokoni, alifika na shoka.

"Baba, limekataa kukata. Linajikunja tu."

"Ulilichoma?"

"Kidogo."

"Kidogo ya namna gani?"

"Githeri iliiva, mahindi na maharagwe."

Mke wangu alicheka hadi akashika mbavu.

Tuliwasha moto ndani ya kivuli. Juani chuma chekundu huonekana cheusi, na hivyo ndivyo watu wanavyoungua vidole. Kujua kama joto limetosha si shida, nina sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu. Sumaku ikiacha kushika, chuma kimeiva. Maji ya kukizamishia nayo usitumie ya baridi, yanakipasua. Tumbukiza kwanza chuma kingine cha moto yawe vuguvugu. Nilikuwa na rafiki wa kazi aliyetumia mkojo wa mbuzi, akisema ndiyo siri yake. Mimi niliona ni harufu tu.

Basi, nikazamisha makali, nikayatoa, nikayasugua kwa jiwe yakang'aa. Hapo ndipo kazi yenyewe. Joto lililobaki nyuma ya shoka hurudi mbele polepole likileta rangi. Ukiwahi kulizima, makali yatamegeka kama kioo. Ukichelewa, yamelegea tena. Nikatazama. Niliona ukungu.

"Cucu," nikamwita mke wangu kama wajukuu wanavyomwita, "ni rangi gani?"

"Kama chai."

"Ya maziwa au ya rangi?"

"Kwani unataka kunywa? Ya rangi."

"Ngoja iwe kama ganda la kitunguu. Kile chekundu."

Akaacha feni, akainama karibu yangu. Mgongo wake ulilia, nikausikia.

"Bado... bado, Mzee, usinisukume... Kitunguu! Sasa!"

Nikazamisha. Nikaligonga, halikulia vibaya. Tukatia mpini mpya, mama jirani akalijaribu kwenye gogo la mukau, mti usiocheka na mtu. Liliingia, likatoka. Nikapitisha kidole kwenye makali, sikupata pengo. Akaliweka begani akaenda akituombea baraka, na akiapa kwamba jikoni haliingii tena.

Nikakaa chini.

"Umeona? Halikupasuka. Tunaendelea."

"Limetengenezwa na nani?" mke wangu akauliza.

Nilitafuta uongo, haukuja.

"Na wewe."

"Basi fundi amechoka," akasema, akabeba ile ndoo ya maji vuguvugu akaimwaga juu ya moto.

Mvuke ulitufunika wote wawili. Ulipopungua nikamwomba angalau aanike yale makaa juani, yatatufaa ya kupikia. Akasema nianike mwenyewe, hayo hayahitaji macho.